Hodi ya Tatu

Kulikuwa na nchi, na ingalipo, msije mkadhani imekufa. Jina lake silitaji. Kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa tangu Jumatano ya uzinduzi. Kwa nini imefungwa, ndiyo hadithi yenyewe, basi tulieni.

Nchi hiyo ilikuwa na wezi wachache sana. Nasema wachache kwa sababu wenye ofisi hawakuwa wakihesabiwa. Lakini hao wachache wa mitaani walikuwa wamepata ujuzi mpya: hawavunji tena dirisha, wanaviambia vitu vya ndani vifunguke vyenyewe. Maana siku hizi, jamani, birika lina mtandao. Taa ina mtandao. Mita ya maji ina mtandao, hata pale ambapo maji hakuna. Na kifaa kinachotii amri za mwenyewe kutoka mbali kinaweza kutii za mtu mwingine pia, mradi huyo mwingine ajue kusema nacho.

Dawa yake inajulikana. Unajenga nyumba ya majaribio, unaijaza vifaa hivyo vyote, kisha unamwita mtu unayemwamini, mwenye elimu yake, unamwambia: vunja. Akivunja, unaziba pale alipopitia kabla mwizi hajapita. Wanafunzi nao wanakuja kujifunza hapo hapo. Ni jambo la akili, na ndiyo maana serikali ililitazama kwa wasiwasi miaka sita. Mwaka wa saba wafadhili wakajenga wao, wakakabidhi ufunguo, wakapiga picha, wakaenda zao.

Nyumba ilijengwa nyuma ya wizara: vyumba vitatu, sebule, jiko, kamera kila pembe. Mkurugenzi wake alikuwa Dakta Ussi Mfaume, daktari wa heshima, na heshima yenyewe alijipa. Jambo la kwanza alilofanya ni kupeleka neno "mvamizi" kwenye Baraza la Lugha na Adabu. Baraza likakaa siku nne, likala, likatoa uamuzi: haiwezekani nyumba ya serikali ikawa na mvamizi. Kila anayeingia nyumba ya serikali ni mgeni. Basi ikatangazwa nafasi ya kazi ya Mgeni, Daraja la Pili.

Sasa kulikuwa na binti mmoja, Mgeni Sudi, aliyesomea mambo hayo hayo ya vifaa na usalama wake miaka minne. Alikuwa ameomba kazi serikalini mara tano, hajajibiwa hata kwa matusi. Safari hii akaitwa ndani ya siku moja. Afisa utumishi alifungua faili, akaona jina, akasema, "Huyu hapa. Tena mwenyewe kabisa." Elimu yake hawakuisoma.

Mgeni akafurahi, masikini. Alikuwa na mama, Bi Mize, aliyepigwa na kiharusi mwaka uliotangulia, miguu ikakataa na sauti ikabaki ya kunong'ona. Mshahara ungemtosha mama na dawa zake, kidonge cha mchana na kidonge cha jioni, ambavyo daktari alisema visipitwe hata kwa saa mbili. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani: mama yake asipitwe na kidonge.

*

Siku ya kwanza kazini Mgeni alikuja na kompyuta yake, waya zake na bisibisi. Dakta Ussi akampa kijitabu chenye jalada la kijani, Kanuni za Ugeni katika Nyumba za Serikali.

Kanuni ya Kwanza ilisema mgeni avae kitambulisho. Ya Pili, atoe taarifa ya kuja siku saba kabla, akitaja kifaa anachokusudia na saa. Ya Tatu ndiyo iliyomfanya avue miwani aifute. Ilisema hivi: mgeni akifika mlangoni atabisha hodi mara tatu, na kama hakujibiwa, atarudi nyumbani, na nyumba itahesabiwa imeshinda.

"Mheshimiwa Mkurugenzi," akasema, "humo ndani anaishi nani?"

"Hakuna anayeishi. Ni nyumba ya majaribio."

"Sasa nani atanijibu?"

"Bi Mgeni," akasema Dakta Ussi kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto, "hayo ni mapungufu ya mgeni, si ya nyumba."

"Lakini mwizi habishi hodi."

"Ndiyo tofauti yetu na mwizi."

Mgeni alikuwa na jibu, na jibu zuri, lakini akakumbuka vidonge, akalimeza.

Basi ikawa hivyo. Kila Jumatatu na Alhamisi alikuja na kitambulisho kifuani, akasimama kizingitini, akaita, "Hodi! Hodi! Hodi!" Nyumba ikanyamaza. Akarudi kwao. Karani akachora mstari ubaoni. Baada ya miezi kumi na minne ubao ulisomeka: Nyumba mia moja na ishirini, Wageni sifuri. Dakta Ussi akapewa nishani kwa kusimamia nyumba isiyovunjika. Wajumbe wakaja kutoka nchi jirani kujifunza siri yake. Wanafunzi wa vyuo wakaletwa kwa mafunzo ya wiki mbili, wakafundishwa kubisha hodi ya chini, hodi ya kati na hodi ya heshima, wakatunukiwa cheti chenye muhuri wa dhahabu. Hakuna hata mmoja aliyegusa waya. Mgeni alikuwa akiwatazama wanavyoimba hodi kwa safu.

*

Ndipo likaja Kufuli Sikivu.

Hili lilibuniwa na mkandarasi ambaye Dakta Ussi alikuwa hamjui kabisa, isipokuwa kwa vile alimwoa dada yake. Halikuwa na ufunguo. Lilikuwa na masikio mawili, la ndani na la nje, na sauti ya kike yenye adabu. Ukiliwasha mara ya kwanza, linasubiri sauti itakayosema "karibu" mara tatu ndani ya nyumba. Sauti hiyo ndiyo mwenye nyumba, mpaka kiama. Tangu hapo mwenye nyumba akisema "karibu" mlango unafunguka, akisema "kwaheri" unajifunga. Mwingine yeyote akijaribu, kufuli linamjibu: "Samahani mgeni, mwenye nyumba hayupo."

Likatiwa kwenye mlango wa nyumba ya majaribio Jumatatu asubuhi, likawashwa. Dakta Ussi ndiye alipaswa kusema karibu zake tatu, lakini chai ilikuwa imeshaletwa, na chai ya ofisini haisubiri. Akasema atakuja baadaye.

Mgeni akafika kwa ratiba yake. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. Akajiandaa kurudi kwao. "Hodi!"

"Karibu msikilizaji!" sauti ikajibu kutoka ndani. "Karibu wewe uliyeko kazini, karibu nawe uliyeko njiani!"

Mfagizi alikuwa amesahau redio sebuleni.

"Nimekutambua, mwenye nyumba," likasema kufuli, na mlango ukafunguka taratibu mbele ya Mgeni Sudi, ambaye kwa miezi kumi na minne hakuwahi kuona hata rangi ya kapeti. Alisimama pale kama sekunde kumi. Kisha akaingia, akavua viatu, akaanza kazi aliyoisomea.

Dakta Ussi aliporudi na makombo ya sambusa kwenye masharubu, mlango ulikuwa umejifunga tena, maana mtangazaji alishawaaga wasikilizaji wake. Akasema karibu. Akasema tena kwa ukali. Akataja cheo chake. "Samahani mgeni, mwenye nyumba hayupo," kufuli likamjibu mbele ya madereva wawili na karani. Mgeni akatokea dirishani, akatoa simu aliyokuwa ameirekodia ile sauti ya redio, akaiweka mbele ya kufuli. "Karibu msikilizaji!" Mlango ukafunguka.

Ndani ya saa moja kufuli hilo lilikuwa limeng'olewa na kutiwa jingine, na safari hii Dakta akasema karibu zake chapuchapu kabla ya chai. Lakini Mgeni alikuwa keshaona alichokiona. Usiku na mchana akaandika ripoti ya kurasa kumi na moja. Akasema kufuli halijui mtu na redio. Akasema halijui umoja na wingi, "karibuni" kwake ni "karibu" tu. Akasema sauti iliyorekodiwa inafungua sawa na sauti ya mtu. Na ukurasa wa mwisho akaandika kwa wino mwekundu: haya yazibwe kabla ya Awamu ya Kwanza.

Awamu ya Kwanza ilikuwa ni kuyafunga makufuli hayo, na milango yake ya chuma, katika ofisi zote za serikali, nyumba za waheshimiwa, na nyumba za watumishi wa nyumba ya majaribio, ili wawe mfano kwa taifa. Mafundi walikuwa wafike kwa Bi Mize siku ya Ijumaa.

*

Kamati ikaketi. Walikuwa watu tisa na chupa za maji kumi na nane. Mgeni akaambiwa asimame.

"Usipoziba ufa," akaanza.

"Methali hiyo imesitishwa," akasema Dakta Ussi. "Inadokeza kuwa kuta zetu zina nyufa. Endelea."

"Basi mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimekuja ili mpone. Kufuli lina tundu."

"Tundu lilikuwepo kabla hujaingia?"

"Lilikuwepo."

"Nani aliliona?"

"Mimi."

"Kabla yako, nani aliliona?"

"Hakuna."

Dakta Ussi akawageukia wenzake. "Mmesikia. Kabla yake halikuonekana. Alipokuja yeye, likaonekana. Tundu limekuja na mgeni." Wajumbe wakaandika. Mmoja akauliza kama redio ni mtu kisheria. Ikakubaliwa si mtu, hivyo Mgeni hakujibiwa hodi, hivyo alipaswa kurudi nyumbani, hivyo nyumba ilishinda. Ubao ukasahihishwa hapo hapo.

"Mheshimiwa, siku ya uzinduzi makufuli yote yatawashwa kwa pamoja," akasema Mgeni. "Mmeamuru kila nyumba iache redio wazi, sauti juu kabisa. Mtukufu anaanza hotuba zake zote kwa kusema karibuni mara tatu. Hamuoni kitakachotokea?"

Mtukufu alikuwa ndiye kiongozi wa nchi hiyo, na jina lake pia linahitaji kibali.

"Unathubutu," akasema Dakta Ussi polepole, "kuiweka sauti ya Mtukufu katika orodha ya wavamizi?" Katika ghadhabu yake akasahau kuwa neno hilo limefutwa. "Sheria ya Sauti Tukufu unaijua? Anayeiiga, anayeirekodi au anayeichezesha bila kibali kilichosainiwa na Mtukufu mwenyewe, kifungo cha maisha. Shukuru umeitaja tu."

Ripoti ikagongwa muhuri wa SIRI na kufungiwa kabatini. Mgeni akabaki amesimama.

"Basi niachieni mlango wa mama yangu," akasema. "Yuko kitandani, hawezi kuamka. Mlango wake tangu zamani haufungwi mchana, majirani wanaingia na kutoka. Akifungiwa, amekufa."

"Mtumishi awe mfano."

"Mtumishi ni mimi. Yeye ni mama yangu tu."

"Basi awe mama wa mfano," akasema Dakta Ussi, na kamati ikapiga makofi, maana neno lilikuwa tamu.

Siku ya Ijumaa mafundi wakaja, wakaung'oa mlango wa mbao ambao marehemu baba yake Mgeni aliuranda kwa mkono wake, wakasimamisha wa chuma. Madirishani wakatia nondo za bure, zawadi ya Awamu ya Kwanza.

"Mwanangu," Bi Mize akanong'ona, "hawa wamekuja kunilinda au kunifunga?"

"Kukulinda, mama."

"Haya. Nilikuwa sioni tofauti."

*

Jumatano ya uzinduzi kila mheshimiwa aliamriwa uwanjani na familia yake nzima, mpaka mpishi na mtoto mchanga. Majirani wote nao wakatakiwa kwenda kushangilia. Bi Mize peke yake alisamehewa, kwa barua.

Kabla ya kutoka Mgeni alimpa mama chai, akamwekea kidonge cha mchana mezani, mbali na kitanda, kwa sababu mama alikuwa na tabia ya kumeza viwili akisahau. Yeye angerudi saa sita ampe kwa mkono wake. Kisha akatoa betri kwenye redio na kuzitia mkobani. Alipotoweka pembeni, mjumbe wa mtaa akapita na orodha yake, akakuta redio ya Bi Mize kimya.

"Shikamoo Bi Mize. Redio yako ina uasi?"

"Ina njaa," akanong'ona Bi Mize. "Waache walale wenye njaa, baba."

Mjumbe alikuwa na betri mfukoni, alizopewa na serikali kwa ajili ya nyumba zenye uasi. Akazitia, akafungua sauti mpaka mwisho, akaurudishia mlango, akaenda uwanjani.

Saa nne na nusu Mtukufu akabonyeza kitufe. Katika ofisi zote, katika majumba yote ya waheshimiwa na katika chumba cha Bi Mize, makufuli yakawaka taa ya kijani, yakatega masikio.

"Karibuni! Karibuni! Karibuni katika karne ya usalama!" akanguruma Mtukufu redioni.

"Nimekutambua, mwenye nyumba," yakasema makufuli, kila moja kwa adabu yake.

Hotuba ilidumu saa moja na dakika hamsini. Mtukufu akaimaliza kwa "Kwaherini," milango ya chuma ikajifunga nchi nzima kwa wakati mmoja, na yeye akapanda ndege iliyokuwa ikimngoja nyuma ya jukwaa, kwenda ng'ambo kwenye mapumziko ya kikazi ya siku arobaini.

*

Waheshimiwa walirudi kwao na suti za sherehe. "Karibu," wakaiambia milango yao. "Samahani mgeni, mwenye nyumba hayupo," milango ikawajibu.

Mwanzoni walishangilia, nisiwasingizie. Waziri mmoja alisimama mbele ya jumba lake akawaambia waandishi wa habari, "Hili ni jambo la fahari. Kwani nyumba zetu zilikuwa za nani?" Gazeti la jioni likaandaa kichwa: MWENYE NCHI SASA NDIYE MWENYE NYUMBA. Halikuchapwa, kwa sababu kiwanda cha chapa nacho kilikuwa kimefungwa. Kuvunja hakuna aliyethubutu. Aliyekuwa mwenye nyumba sasa ni Mtukufu, na kuvunja mlango wa Mtukufu ni uhaini.

Mgeni hakushangilia. Alitoka uwanjani mbio, viatu mkononi. Saa saba kasorobo alikuwa dirishani kwa mama yake, ameshika nondo.

"Mama!"

"Mgeni. Huyo mtu amenipigia makelele asubuhi nzima, kichwa kinaniuma. Nipe maji."

Akaipenyeza chupa kati ya nondo, akaisukuma. Ikaanguka sakafuni, ikabingirika mpaka ukutani, hatua tatu kutoka kitandani. Hatua tatu kwa Bi Mize zilikuwa safari ya Makka. Kidonge Mgeni alikuwa anakiona mezani, cheupe, kwenye kisahani. Akapigapiga mlango mpaka mikono ikavimba. Saa saba ikapita. Mama akaanza kuchanganya maneno, akimwita Mgeni kwa jina la marehemu dada yake.

Akakimbia kwa Dakta Ussi. Akamkuta amekaa juu ya buti la gari mbele ya lango lake, mkewe na watoto kwenye jamvi, wanakula karanga.

"Mheshimiwa, mama yangu anakufa. Nipe kibali nichezeshe sauti. Neno moja tu, 'karibuni', mlango unafunguka. Niliandika, ukurasa wa tisa!"

"Kibali anasaini Mtukufu."

"Mtukufu yuko angani!"

"Basi msubiri atue."

Mgeni akamtazama yule mtu. Hakumtukana, na mimi nasema hapo alikosea, maana matusi mengine ni haki ya Mungu. Akageuka, akarudi. Dakta Ussi akashuka kwenye buti, akamfuata pamoja na mjumbe wa mtaa na askari wawili, kuhakikisha sheria haivunjwi.

Katika uwanja wote ule wa watu elfu arobaini, mmoja tu ndiye aliyeirekodi hotuba ya Mtukufu. Alikuwa ni Mgeni Sudi mwenyewe, amefuata ushauri wa ripoti yake, na hakuna mwingine aliyeisoma. Akaitoa simu mbele ya macho yao wote, akaiweka kwenye sikio la kufuli.

"Usithubutu!" akapiga kelele Dakta Ussi.

"Karibuni!" ikanguruma simu.

Mlango ukafunguka. Mgeni akaingia, akamnyanyua mama yake kichwa, akampa kidonge, akamnywesha maji mpaka yakammwagikia kifuani. Bi Mize akapumua. Baada ya muda akafumbua macho, yakamtambua mwanawe.

"Nani aliyekuwa akipiga kelele mlangoni?"

"Ni sauti ya Mtukufu, mama."

"Mwambie ahsante, na aende zake."

Askari walingoja kizingitini. Mgeni akachukua bisibisi mkobani, akaling'oa kufuli zima, akaukokota ule mlango wa chuma ukutani, akatundika pazia la mama yake pale uwazini. Akamkabidhi mama kwa jirani yao Bi Chausiku, aliyekuwa amesharudi. Kisha akanyoosha mikono, wakamfunga pingu.

*

Kesi iliendeshwa Alhamisi kwenye maegesho ya magari, kwa kuwa mahakama ilikuwa imefungwa, na kwa muda wa dakika tisa, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Kifungo cha maisha. Wakampeleka Gereza la Zamani, ambalo Awamu ya Kwanza haikulifikia. Humo kulikuwa na makufuli ya chuma ya tangu enzi za wakoloni, na ufunguo mmoja mzito shingoni mwa Koplo Mbaraka, askari magereza mwenye miaka thelathini kazini na miwani ya kufungwa kwa uzi.

"Dada, ulifanya nini hasa?" akamuuliza akimletea uji.

"Nilimpa mama yangu maji."

Koplo akafikiri. "Kuna aliyewahi kufungwa kwa dogo zaidi," akasema kwa huzuni. "Yule alipiga chafya wakati wa wimbo." Na kila adhuhuri Bi Chausiku alikuja na chakula na habari: mama amekula, mama amemeza, mama anauliza yule mtu wa makelele kama kaondoka.

Siku ya nne waheshimiwa wakaja. Walikuja kwa miguu, maana mafuta ya magari yalikwisha na hazina ilikuwa imefungwa. Suti zilikuwa zile zile za Jumatano, na harufu ilitangulia. Dakta Ussi alikuwa mbele na simu ya Mgeni mkononi. Walikuwa wamekaa, wakashauriana, wakagundua jambo la kisheria: anayeichezesha Sauti Tukufu anapata kifungo cha maisha, na mtu hana maisha mawili. Basi raia mmoja tu nchini angeweza kuichezesha bila kupoteza kitu.

Koplo Mbaraka akawasimamisha nje ya seli.

"Fungua, Koplo. Tuna shida na huyo mfungwa."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Lakini hii ni nyumba ya serikali." Akavuta kijitabu cha kijani mfukoni, ambacho kila ofisi ililazimishwa kukipokea na ni yeye peke yake aliyekisoma. "Hapa wanasema katika nyumba *zote* za serikali. Ninyi ndio wageni. Aliyemo ndiye mwenyeji. Mna vitambulisho?"

Vitambulisho wakavaa. Kuhusu taarifa ya siku saba Koplo akasema atafumba jicho, kwa ubinadamu.

"Hodi!" akasema Dakta Ussi, hodi ya chini.

Ndani, Mgeni alikuwa amekaa juu ya mkeka, bakuli la uji magotini. Akanywa funda moja.

"Bi Mgeni, mwanangu," Dakta akasema mlangoni, "tumekusamehe. Kufuli lina tundu, tumeliona wenyewe. Utapewa nishani, tutakufanya Mgeni Mkuu. Watoto wamelala nje siku nne. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Mgeni akasikia methali yake ikirudi kinywani mwa mtu yule. Alikuwa na maneno, mengi, lakini aliyasema yote katika kurasa kumi na moja, na wao ndio walioyafungia kabatini. Akanyamaza.

"Hodi!" Hii ilikuwa hodi ya kati.

Koplo akamchungulia kupitia tundu la mlango. Mgeni akatikisa kichwa, akaendelea na uji wake.

"Hodiii!" Hodi ya tatu ilikuwa ya heshima, kama walivyofundishwa wanafunzi, na waheshimiwa wote waliitikia kwa pamoja mpaka kuta zikarudisha sauti.

Kimya.

Koplo Mbaraka akalamba kidole, akafunua ukurasa, akasoma polepole: "Na kama hakujibiwa, atarudi nyumbani." Akatoa kipande cha chaki, akachora mstari mmoja juu ya mlango wa seli, akaandika kwa mwandiko wake wa shule ya msingi: Nyumba moja, Wageni sifuri.

"Haya waheshimiwa," akasema. "Rudini nyumbani."

Wakarudi. Kanuni ni kanuni, na walizitunga wao. Wakatembea katika jua la saa nane mpaka kwenye malango yao, kila mmoja akasimama mbele ya mlango wake, akapangusa jasho, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya jingine, akabisha hodi.

"Samahani mgeni," milango ikawajibu kwa adabu, "mwenye nyumba hayupo."